Wavuvi wa barafu ukutani: studio ya Mwanjelwa imeziweza, fremu bado

Nina nyumba ya wageni ndogo huku Forest, Mbeya, na ukuta wa chumba cha chai ulikuwa mtupu tangu upakwe rangi. Binamu yangu anayesoma Oulu, kaskazini mwa Ufini, akanitumia picha nyeusi na nyeupe alizopiga za wavuvi wanaovua juu ya barafu. Nikachagua nne, nikazipeleka studio moja pale Mwanjelwa wanisafishie kwa inchi 12 kwa 18 na kunitilia fremu.

Kwanza jambo la karatasi. Watakupa ya kung'aa bila kukuuliza. Kataa. Picha ya theluji kwenye karatasi ya kung'aa, ukiwasha taa tu, unajiona mwenyewe. Isiyong'aa wanayo, iko kabatini.

Sasa theluji yenyewe. Nakala ya kwanza ilitoka dona, wakati mimi nilipeleka sembe. Tena ilikuwa na ubluu kwa mbali. Kijana wa mashine akaniambia, "Mama, picha haina rangi hii, bluu itoke wapi?" Nikamwomba karatasi nyeupe ya kawaida, tukaiweka kando ya picha, mlangoni penye mwanga wa jua. Akanyamaza, kisha akacheka. Mashine hizi za rangi hutengeneza kijivu kwa kuchanganya rangi tatu, kipimo kikiyumba kidogo tu kijivu kinaegemea upande mmoja. Na ikiachiwa isahihishe mwanga yenyewe, ikiona picha nyeupe tupu inadhani mwanga umezidi, inatia giza. Kamera nazo zina ugonjwa huohuo, ndiyo maana binamu alikuwa anaongeza mwanga kwa makusudi kila alipopiga.

Kijana akazima huo usahihishaji, akatoa kipande kidogo cha majaribio kwanza, tukakitazama, ndipo akatoa kubwa. Hakunidai ya marudio. Hapo ndipo nilipompenda.

Picha ninayoipenda kuliko zote ni ya mzee aliyekaa kwenye sanduku, mgongo kwenye upepo, kashika fimbo ya kuvulia, fupi kama rula ya shule. Tundu limetobolewa kwa keke ndefu ya kuzungusha kwa mkono, na pembeni yake vumbi la barafu limerundikana. Kwenye nakala ya kwanza rundo lile lilikuwa doa tu, kwenye ya pili unaona chembe mojamoja. Kando kuna samaki wadogo wenye milia, wamekauka kwa baridi wakiwa wamejikunja. Na lile tundu ndilo jeusi pekee la kweli kwenye picha nzima. Likitoka kijivu, picha imekufa.

Mgeni mmoja wa Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, aliitazama hadi chai ikapoa. "Dada, huyu mzee kakaa juu ya ziwa?" Nikamweleza kama nilivyoelezwa: barafu ngumu ya sentimita 10 inambeba mtu, na kwa kuwa barafu huelea, maji ya chini hayagandi, samaki wanaendelea na maisha yao. Akauliza, "Na leseni?" Nikamwambia kwa fimbo ile ya barafuni hawadaiwi, ni haki ya kila mtu. Akatikisa kichwa. "Sisi Matema upepo ukianza tu tunarudi nyumbani."

Fremu ndiyo imenikera. Wameibana picha moja kwa moja kwenye kioo, na kwa unyevu wa hapa kwetu, hasa miezi ya mvua, karatasi itaganda kwenye kioo na siku ya kuitoa itachanika. Niliwarudishia wakakata manila nyeupe kuzunguka picha ili ikae mbali na kioo. Walikata kwa mkono, upande mmoja mwembamba kuliko mwingine. Anayejua kuangalia ataona. Pembe moja ya mbao nayo ina mwanya wa kuingia kucha. Halafu waliahidi Jumanne, nikapewa Ijumaa.

Bei: 15,000 kwa picha, 40,000 kwa fremu. Ya picha ni halali kabisa. Ya fremu, hapana. Nenda na faili kwenye flashi, maana ukituma WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa, na chembe zile za barafu hutaziona. Mimi zilizobaki nitasafisha palepale kwa kijana yule, na fremu nitampa fundi seremala wa Soweto.