Zahanati ya bure huku Kisauni: daktari nyota tano, dirisha la dawa nyota moja

Jumanne iliopita nilimpeleka mamangu zahanati ya serikali huku kwetu Kisauni, jina siweki maana manesi wa pale ni majirani na Ijumaa hii tutakutana harusini. Mama ana sukari na presha mwaka wa sita sasa, tulikuwa twaenda kliniki ya kulipa kukimbia laini, lakini pesa ishakuwa ngumu nikasema hebu tujaribu hii SHA, bima ya afya ya serikali, ambayo kila barza waisifu ama waitukana.

Kujiandikisha hakuna kazi, ni *147# na nambari ya kitambulisho, hata simu ya mama ya kabambe ilitosha. Na hili wengi hawalijui kabisa: zahanati na vituo vya afya vya leveli 2 na 3 hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi, yani bora ushajiandikisha watibiwa bure hata kama hujatoa mchango. Mchango huja kuulizwa ukipanda hospitali kubwa ama ukilazwa.

Tulifika saa moja kasoro, laini ishafika nje kwa muuza miogo. Zamu yetu ikafika, kwanza alama ya kidole. Sasa mama amepika mahamri miaka thelathini, unga, mafuta ya moto, makaa, vile vidole vishakuwa laini kama ganda la kitunguu, mashine ikamkataa gumba, ikamkataa shahada, mama akaanza kucheka akasema "mimi si mtu basi". Nesi hakufoka, nampa heko, akamwambia "mama, futa na leso taratibu, tujaribu hicho kidogo cha mwisho". Kikakubali. Ilikula dakika kumi na watu nyuma washaanza kuguna lakini ilikubali.

Daktari ni kijana na ana adabu. Akampima, sukari 14, iko juu, akamuuliza mama wala nini asubuhi, mama bila haya akajibu chai kavu na hamri moja. Kijana akauliza, "Mama, hamri moja lakini ya ukubwa gani?" Mimi nikaangalia dari. Akatukalisha karibu robo saa, akamkagua na nyayo kama ana kidonda, kitu ambacho ile kliniki ya kulipa hawakuwahi kukifanya hata siku moja wallahi.

Kisha dirisha la dawa. Ya presha ipo, ya mwezi mzima. Metfomini, ambayo ndio roho ya mtu wa sukari, hakuna, "mukanunue nje". Kemisti ng'ambo ya barabara 420. Hiyo ni faida ya mama ya siku nzima, na zile mbio zote za kidole hapo zikaonekana mchezo.

Sasa mjomba yangu husema vya bure vyatushinda, tuachane navyo, kila mtu ajibebe. Mimi naona kinyume. Sukari usipoimeza dawa haikungoji, huleta kidonda, kidonda huleta mguu, na mguu utaishia Makadara, yani hospitali kuu ya Coast General, kwa kukatwa, na hiyo bili ya wadi bado SHA hiyo hiyo na watu wale wale ndio wataikuta. Tumebania vidonge tukaja kulipa msumeno.

Na zahanati hizi si za Nairobi, ni za kaunti tangu 2013, kwa hivo hilo dirisha mwenyewe yuko hapa hapa Mombasa. Makueni walithubutu 2016, wakati wa gavana Kivutha Kibwana, nyumba moja ikitoa 500 kwa mwaka watibiwa hospitali za kaunti, na hiyo ni kaunti kavu haina bandari wala hoteli ya ufuoni. Linganisha na huku kwenye SHA: mwenye mshahara hukatwa 2.75% kila mwezi wala haisikii, lakini mpika mahamri, hata awe wa chini kabisa wa 300 kwa mwezi, hesabu yake ni ya mwaka, 3,600 kwa mpigo. NHIF, bima ya zamani kabla ya SHA, ilikuwa 500 lakini mwezi kwa mwezi, mtu akijikusanya. Sawa, saa hii kuna Lipa SHA Pole Pole, ya kulipa mchango kidogo kidogo, angalau.

Najua mutaniuliza, tukijaza dawa hapa si Kwale na Kilifi yote itahamia? Jamani, Coast General mbona ishawabeba miaka yote. Na sisemi ni rahisi, huko Marekani jimbo la Vermont lilipitisha sheria yao wenyewe ya matibabu kwa wote 2011, 2014 gavana akaitupa mwenyewe alipoona kodi itakayotakikana. Lakini Kanada nayo ilianza na mkoa mmoja wa wakulima, Saskatchewan, Julai 1962, madaktari wakagoma siku 23, mkoa ukakaza, na kufika 1966 sheria ikawa ya nchi nzima. Hakuna aliyengoja serikali kuu ya Ottawa. Mimi siombi hata makubwa hayo, naomba kaunti ijaze dirisha moja, dawa za sukari na presha basi, hata kwa mia tano ya nyumba kama Makueni, mama mwenyewe ashasema atatoa.

Daktari nyota tano, nesi wa vidole tano, dirisha la dawa moja nayo ni ya ile ya presha. Choo sikiandiki.

Tutarudi mwezi ujao, kliniki ya sukari ni Jumanne. Ukienda na mzee alofanya kazi ya mikono mpeleke mapema na ubebe leso kavu, na kabla hujakaa laini ulizia dirishani dawa gani ipo, mimi nilijua mwisho.