Nilivyopeleka gesi ya Ziwa Kivu kupimwa diuteri: uzoefu wangu

Ndugu zangu mnaoshughulika na gesi huku Goma, Bukavu na ng'ambo Gisenyi, naandika kwa sababu nilipotafuta ushauri wa namna hii sikuupata. Nilituma chupa sita za gesi ya ziwa kwenye maabara moja ya Ulaya wapime isotopu za haidrojeni, yaani ni kiasi gani cha haidrojeni hiyo ni diuteri, ile nzito yenye uzito wa 2 badala ya 1. Nimeridhika nao na nitawatumia tena. Ila jedwali lao la kwanza lilikuwa na kosa, na nisingeuliza ningelibeba hivyo hivyo.

Metani ya Kivu, inayokadiriwa kuwa kilomita za ujazo 60 hivi, haikutengenezwa kwa njia moja. Kuna vijidudu vinavyounganisha kaboni dioksidi na haidrojeni, na kuna vinavyovunja asetati ya mabaki yaliyooza. Kupima isotopu za kaboni peke yake hakumalizi ubishi. Metani ya asetati kwa kawaida huwa na diuteri kidogo zaidi, ndiyo maana nilitaka haidrojeni nayo ipimwe. Huku kwetu mtoto anafundishwa kukwepa mazuku, yale mabonde yanayojaa kaboni dioksidi inayoua, kabla hajajua kusoma. Tuna haki ya kujua kila gesi ya hapa inatoka wapi.

Tulishusha mpira hadi mita 300. Ukiyavuta maji mara moja tu, yanaendelea kupanda yenyewe, yakisukumwa na mapovu, na yanatoka yakifoka kama soda iliyotikiswa. Chupa tuliijaza maji, tukaipindua ndani ya beseni, gesi ikayasukuma maji nje, tukaziba humo humo kwa kizibo kinene cha mpira. Usafirishaji ulinichosha: metani inawaka, na wakala alilishikilia sanduku siku tisa kwa sababu ya karatasi.

Kule maabara, kromatografu hutenganisha metani na kaboni dioksidi. Kisha metani hupita kwenye bomba jembamba la kauri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,400. Kaboni inabaki humo kama masizi, haidrojeni inaingia kwenye spektromita, mashine inayopima uzito wa molekuli, nayo inalinganisha molekuli za uzito wa 2 na za uzito wa 3, zile zenye diuteri moja. Ni kazi ya kutafuta kitu adimu: katika atomu milioni moja za haidrojeni ya maji ya bahari, kama 156 tu ndizo diuteri.

Sasa kosa lenyewe. Chupa namba 4 waliipima mara tatu, kila mara kwa kiasi tofauti cha gesi. Majibu yalipishana kwa zaidi ya 20 kwa elfu, na kadiri gesi ilivyozidi ndivyo diuteri ilivyoonekana kupanda. Gesi ile ile, chupa ile ile! Nikawaandikia: kipimo cha H3 mlikifanya lini? Ndani ya mashine, molekuli za haidrojeni hugongana na kuzaa H3, yenye uzito wa 3, ambayo mashine huihesabu kama diuteri. Shinikizo likipanda, H3 inaongezeka haraka kuliko haidrojeni yenyewe, kwa hiyo lazima ipimwe na kutolewa kwenye hesabu, tena mara kwa mara.

Walijibu siku ya pili, bila kuzunguka. Walikuwa wametumia kipimo cha wiki iliyotangulia, kabla hawajarekebisha mashine. Walirudia chupa zote sita bila kunidai hata dola moja, na safari hii namba 4 ilipishana kwa chini ya 3 kwa elfu. Hapo ndipo waliponipata. Nilipenda pia kwamba gesi zao za rejea zimefungwa kwenye ncha mbili, yaani maji mawili ya rejea ya kimataifa: VSMOW ambayo ni sifuri na SLAP ambayo ni −428 kwa elfu. Ncha moja haitoshi, usikubali.

Chupa nane za awamu ijayo ziko tayari, karatasi za metani nimezitengeneza mapema. Kwenye fomu nimeandika kwa herufi kubwa: kipimo cha H3 kiwe cha siku hiyo hiyo, na chupa moja ipimwe kwa viwango vitatu vya gesi.