Nilienda kubadili shokapu Kihonda, nimerudi na zilezile na pikipiki imetulia

Mi naendesha TVS HLX 125, mwaka wa tatu sasa, asubuhi napiga boda mjini Morogoro na siku mbili tatu kwa wiki napanda Mkuyuni kufata ndizi. Kwa hiyo nikisema pikipiki ilikua inanitesa muelewe nina maana gani. Nikiwa peke yangu inadunda kama nimekalia jiwe, nikipakia mikungu nyuma inakaa chini mpaka madigadi inagusa tairi kwenye mashimo, af mbele usukani unakua mwepesi unayumbayumba nikishuka mlima. Kwenye rasta ndo kabisa, nikizipita shokapu za mbele zinagonga "ko ko ko" na mikono inakufa ganzi. Kiuno nilikua nameza dawa za maumivu karibu kila jioni, na mama mmoja abiria wangu wa kila siku, anabeba mtoto mgongoni, aliniambia kaka samahani kesho ntachukua mwingine. Hiyo iliniuma kuliko kiuno.

Nlishapeleka kwa fundi mwingine kabla (simtaji), yeye aliangalia dakika mbili akasema shokapu za nyuma zimekufa nunua mpya, za mbele akakaza kaza akapaka grisi kwa nje, akachukua buku kumi. Mwezi haujaisha sili zikaanza kuvuja. Nikakusanya hela ya shokapu mpya, ndo dereva mwenzangu akanambia kabla hujanunua pita kwa mzee wa Kihonda anaitwa tu mzee wa shokapu, hana kibao wala nini, yuko chini ya mwembe kuna kontena la bluu.

Nimefika nikamsalimia shikamoo mzee, marahaba kijana wangu, nikamwambia nina hela ya shokapu nifungie. Hakugusa hata spana. Akaniuliza una kilo ngapi, unabeba nini, unapita barabara gani, upepo unajaza wapi. Tangu nianze kuendesha sijawahi kuulizwa kilo zangu na fundi.

Kitu cha kwanza alichopima ni upepo wa tairi, kwa geji yake mwenyewe. Nyuma ilikua na PSI 44 (kipimo cha upepo)! Mi kwenye kujaza nlikua namwambia kijana jaza mpaka iwe ngumu, kwa sababu ya mzigo. Akashusha mbele 25, nyuma 28 nikiwa peke yangu, na akasema nikipakia nipandishe kidogo lakini sio kule nlikokua. Akanambia nizunguke mpaka barabarani nirudi, na wakuu kudunda kulipungua hapohapo, bila kufungua nati hata moja.

Ndo akaja kwenye shokapu za nyuma. Kumbe ile kola ya chini ya kubana springi, yenye ngazi 5, upande wa kushoto ilikua ngazi ya 4 na kulia ya 2, sijui nani aliigusa na lini, na ndo maana ilikua inavuta upande. Akapandisha pikipiki stendi kubwa tairi ikaning'inia, akabandika kipande cha soletepu kwenye bodi juu ya ekseli, akatoa utepe wa fundi cherehani akapima kutoka nati ya ekseli mpaka kwenye soletepu. Akaandika kwenye daftari. Af akaishusha chini, nikakaa, mwanae akashika usukani, akapima tena. Af akanipakia gunia la mchanga kwenye keria, akapima mara ya tatu. Anasema nikikaa inatakiwa izame kama robo hivi au theluthi ya safari yote ya shokapu (yaani umbali wote inaoweza kuzama), ikizama kidogo sana tairi haifati mashimo inaruka juu yake, ikizama sana hamna nafasi iliyobaki ndo inagonga.

Na hapa alinifundisha kitu ambacho boda wengi tunakosea: kupandisha ngazi hakufanyi springi iwe ngumu, springi ni ileile, unachofanya ni kuibana kidogo mwanzoni ili mkia uinuke na mzigo usiukalishe chini. Kwa hiyo ukiweka ngazi ya 5 muda wote kisa unabeba mzigo Jumamosi, siku nyingine zote unajiumiza mgongo bure. Mimi ameniweka ya 2 nikiwa peke yangu au na abiria mmoja mwepesi, ya 4 siku ya ndizi, pande zote mbili sawasawa. Kuna spana ya ndoano inakuja na pikipiki, yangu ilikua bado iko kwenye kimfuko haijawahi kutoka, akanifanya nizungushe mwenyewe mara tatu mpaka nikaweza. Dakika mbili tu.

Mbele hakuna cha kuzungusha, akasema huko ni oili. Akaweka tofali chini ya injini, akachomoa bomba zote mbili za shokapu, akamimina kwenye vikombe viwili vya plastiki. Nimeona kwa macho yangu, kulia imetoka nyeusi kama maji ya kuoshea masufuria, inanuka, na kushoto haikufika hata nusu ya ile ya kulia maana ndo ilikokua inavuja. Akasafisha, akaweka sili mpya, oili ya shokapu 10W, na anapimia kwa chupa ya kunyonyeshea mtoto yenye mistari ya ml ili pande zote zilingane. Kabla ya kukaza ekseli akaishusha akaipampu mbele mara kama kumi, anasema ukikaza kabla bomba zinakaa kwa kulazimishwa zinakwama. Ukiikandamiza sasa hivi inazama, inarudi mara moja, inatulia.

Usukani kuyumba mlimani pia alikua na jibu, nlikua nafunga mikungu nyuma kabisa ya keria, uzito unapita ekseli unaiinua pua. Amenionyesha kusogeza mbele, mkungu mkubwa uegemee siti.

Gharama: sili na oili 16,000, ufundi 15,000, jumla 31,000. Hela ya shokapu mpya ipo mfukoni.

Kasoro zipo na nazisema kwa sababu namheshimu. Anachelewa, nimeingia saa tatu nimetoka saa tisa, na siku hiyo sijapata hesabu ya bosi. Bei ya sili hakunambia mpaka ameshafungua, angeanza nayo. Risiti hamna, na mvua ikinyesha kazi inasimama kwa sababu ni chini ya mti.

Ila nimepanda Mkuyuni mara nne tangu hapo. Vumbi lilelile, makorongo yaleyale, kushuka na mikungu sita usukani umetulia mkononi, nabana breki inazama taratibu haigongi. Rasta nazisikia kwenye tairi, kwenye viwiko hazifiki tena. Dawa za kiuno sijanunua wiki ya tatu hii. Yule mama nilimuomba apande mara moja tu ajaribu, alivyoshuka mtoto bado amelala.

Nampa nne na nusu kati ya tano. Anapokea pikipiki mbili tu kwa siku kwa hiyo wahi kabla ya saa mbili, na ukienda beba mzigo wako unaobebaga kila siku, vinginevyo atakupakia lile gunia la mchanga.