Mkoba wa kuzuia harufu ya bangi: unafaa, ila kiko kioshwe kwanza

Ujerumani, tangu Aprili 1, 2024, mtu mzima anaruhusiwa kuweka nyumbani hadi gramu 50 za bangi kavu, na sheria inamtaka aikinge watoto wasiifikie. Kwa wakazi wa huko ndiyo maana ya mikoba hii yenye bitana ya kaboni amilifu (mkaa maalumu wa kunasa harufu) na kufuli ya namba tatu. Kwa sura utadhani ni ya vipodozi. Harufu inaizuia vizuri, kwa masharti. Watoto, nusu nusu tu: kitambaa kinakatika kwa mkasi, na mkoba mzima unabebeka. Utie kwenye droo yenye ufunguo.

Kaboni haiui harufu, inainasa kwenye vitundu vyake, na vikijaa kazi imekwisha. Kinachovijaza upesi ni kiko kichafu kilichotiwa humo. Kiko cha maji cha kioo kimwagwe maji kila baada ya kuvuta. Maji yaliyolala yananuka kuliko bangi yenyewe. Kisha tia robo kikombe cha spiriti ya isopropili, asilimia 91 au zaidi, na vijiko viwili vya chumvi ya mawe. Ziba matundu, tikisa dakika mbili tatu mpaka utando mweusi ubanduke, suuza kwa maji ya moto. Dirisha liwe wazi na moto uwe mbali, maana spiriti hiyo inawaka haraka. Kiko cha akriliki, yaani plastiki ngumu inayofanana na kioo, usikitie spiriti kabisa, kitafanya nyufa. Kiko cha mbao hakilowekwi. Pitisha kijiti cha pamba chenye spiriti kidogo. Vyote vikauke kabisa kabla ya kufungiwa, la sivyo ni ukungu.

Kisagio cha bangi ndicho husahaulika. Masalia yaliyoganda kwenye mizunguko ya kufungia kifuniko yanatosha kuunukisha mkoba mzima, na lawama ikaangukia bitana. Majivu nayo hayaingii humo hata chembe.

Ukinunua, angalia mwisho wa zipu. Kwenye mikoba ya bei rahisi, kishikizo kikifika mwisho kinaacha upenyo kama punje ya mchele, na harufu inatokea hapo. Afadhali ule unaokunjwa mdomo juu ya zipu na kubanwa. Bangi yenyewe ikae kwanza kwenye mtungi wa kioo wenye mpira kwenye kifuniko. Usipulize manukato ndani: kaboni itayanasa nayo, na nafasi itaisha bure.

Kuupima, ufungie kabatini siku nzima, kisha mwite asiyevuta afungue mlango, kwani pua ya mvutaji imeshazoea. Mkoba ukianza kuvujisha harufu, kuupasha kwa mashine ya kukaushia nywele kunarudisha nguvu kidogo, si yote. Mwenye rizla na kiberiti tu hana haja nao, mtungi unamtosha.