Kozi ya utafiti na uandishi niliyosoma Mombasa: ada yake ni halali, ila takwimu waziongezee muda

Saiba nyingi za katikati ya mji utakuta karatasi imebandikwa mlangoni: "Tunaandika propozali na projekti." Mwanafunzi analipa, anapewa kurasa zake zimefungwa vizuri, kisha siku ya kutetea kazi mbele ya jopo anaulizwa kwa nini alichagua watu wale na si wengine, anabaki anatazama meza. Jambo hili linaniuma sana, kwa sababu wengi wa hao ni vijana werevu ambao hawakufundishwa tu. Ndiyo maana nimeona niieleze kozi hii niliyoimaliza muhula uliopita.

Ni kozi ya muhula mmoja, Jumamosi asubuhi, katika chuo cha kati hapa mjini. Ada ni shilingi 9,500 pamoja na mtihani. Darasani tulikuwa zaidi watu wa kazi: makarani wa forodha, walimu wa chekechea, muuguzi mmoja aliyekuwa akija moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Sharti lao ni moja, na ndilo lililonifanya niipende: hupati cheti mpaka ufanye utafiti wako mwenyewe, hata uwe mdogo vipi.

Wiki za kwanza zote zilikwenda kwenye kupunguza mada. Mwenzetu alikuja na "Athari za teknolojia kwa vijana wa Kenya." Mwalimu hakumcheka. Alimuuliza teknolojia ipi, vijana wa wapi, athari gani, na utazipimaje. Wakaenda hivyo hadi ikabaki namna waendeshaji boda wa steji moja ya Kisauni wanavyopata wateja kwa simu. Hiyo sasa inafanyika kwa muhula mmoja na kwa nauli ya mfukoni. Mimi nilichagua mama karanga wa Likoni, wale kina mama wanaonunua samaki kwa wavuvi, wakakaanga, wakauza mitaani. Swali langu lilikuwa: mtaji wa asubuhi wanautoa wapi?

Somo la hojaji peke yake lina thamani ya ile ada. Kabla ya kwenda uwandani rasmi, kila mtu alitakiwa ajaribu maswali yake kwa watu wachache. Swali langu la tatu lilikuwa, "Kwa mwezi unapata faida kiasi gani?" Mama mmoja akaniambia, huku anageuza samaki kwenye karai, "Mwanangu, huo mwezi mimi naujulia wapi? Mimi nahesabu beseni." Nikalirudisha darasani, mwalimu akafurahi kwelikweli, akaandika maneno yale ubaoni. Tukalivunja swali pamoja: jana ulinunua samaki wa shilingi ngapi, mafuta na kuni zilikula ngapi, ulirudi nyumbani na ngapi? Majibu yakaanza kuja yenye tarakimu, na kina mama wenyewe wakawa wanasahihishana. Kitabu kitakwambia hojaji ijaribiwe kwanza, lakini sababu yake hasa utaiona ukisimama pale karibu na karai.

Upande wa uandishi, mwalimu anasahihisha kwa kalamu, mstari kwa mstari. Rasimu ya mwenzangu ilikuwa na sentensi: "Wanawake wengi wa Pwani hawana mtaji." Alizungushia "wengi" akaandika pembeni: wangapi? Akazungushia "Pwani": kaunti zote sita? Chini yake: nani kasema, mwaka gani? Baada ya hapo darasa zima lilianza kusoma magazeti kwa jicho hilo. Na kila chanzo unachokitaja, sharti uonyeshe ukurasa wenyewe. Wale waliotegemea akili unde iwatafutie marejeleo walikwama hapo, kwa sababu zile programu huweza kutunga makala ambayo haijawahi kuandikwa, ikiwa na mwandishi na mwaka, vyote vya kupendeza.

Mtindo wa marejeleo ni APA, toleo la 7. Nilikuwa nikiuogopa, lakini ulifundishwa kwa utaratibu: waandishi wakiwa watatu au zaidi unataja wa kwanza na wenzake tangu mara ya kwanza, na mji wa mchapishaji hauandikwi tena. Lililonisaidia zaidi ni kujua kwamba maneno ya mtu uliyemhoji kwenye utafiti wako mwenyewe ni data yako, hayaingii kwenye orodha ya marejeleo. Tulifundishwa pia Zotero, programu ya bure ya kuhifadhi vyanzo iliyoanza mwaka 2006. Isakinishe siku hiyo hiyo.

Sasa malalamiko yangu. Takwimu zilipewa muda mdogo mno. Fomula ya Yamane ya mwaka 1967, ya kukokotoa sampuli, yaani idadi ya watu utakaowahoji, tulifundishwa vizuri: ukiwa na watu 400 na kosa la asilimia 5, sampuli inakuja 200. Ila mama karanga hawana orodha popote, na fomula bila jumla ya watu haina kazi. Mwalimu alisema kwa ufupi kwamba hapo unamtumia mmoja akuelekeze kwa mwenzake, na ripoti yako iseme wazi kuwa matokeo hayawasemei mama karanga wote. Jambo zito kama hilo lilihitaji Jumamosi nzima. SPSS, programu ya kuchanganua takwimu, tuliiona ukutani kwa projekta tu, hakuna aliyeigusa.

Suala la kibali nalo linachelewa. Kenya ina NACOSTI, tume iliyotokana na Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013, na ndiyo inayotoa leseni za utafiti. Pia kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo inagusa hata ile namba ya simu unayoandika kwenye hojaji. Haya yote yaliletwa wakati wengine tumeshaanza kuhoji watu. Yanatakiwa yawe wiki ya pili.

Na ripoti lazima iwe kwa Kiingereza. Hili silikubali. Katiba ya 2010 imekipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi, mahojiano yangu yote yalifanyika kwa Kiswahili, halafu kazi inaandikwa kwa lugha ambayo wenyewe niliowahoji wengi wao hawaisomi. Mwalimu aliniruhusu niyaache maneno yao kama walivyoyasema, tafsiri ikafuata, na hilo namshukuru. Muhtasari wa Kiswahili niliuandika kwa hiari yangu nikawasomea kina mama. Walinipinga kwenye sehemu ya mikopo ya simu: wakasema nimeipa uzito kuliko chama chao cha kila wiki. Niliporudi kwenye majibu yao nikaona wana hoja, na sura ya mwisho ikabadilika. Chuo kingeweka hatua hiyo kwenye kozi, kila mwanafunzi angepata wasomaji wa namna hii.

Kama unajiandaa kwa projekti ya diploma au unarudi masomoni baada ya miaka kazini, jiunge. Kama unachotaka ni uchanganuzi wa takwimu pekee, tafuta kwingine. Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili ofisini: darasa litakuwa na watu wangapi, maana kusahihishiwa mstari kwa mstari hakuwezekani kwenye ukumbi wa watu mia, na kama maktaba yao ina akaunti ya kusoma majarida ya kulipia. Wakati wetu haikuwa nayo, tukawa tunategemea makala za bure za kwenye Google Scholar.