TAHADHARI: Anauza cheti cha "jengo la kijani" bila kukanyaga jengo lako

Habarini ndugu zangu. Mwenye nyumba ya kupangisha, au anayejenga sasa hivi, naomba usome hili. Mimi na dada yangu tumeliwa milioni sita na nusu, na aliyetula bado yuko mjini anatafuta wengine.

Tuna apatimenti nane hapa Dar es Salaam. Mwaka jana shirika moja lilitaka kupanga nne kwa ajili ya wafanyakazi wake, sharti jengo liwe na cheti cha EDGE. Hicho ni kipimo cha majengo ya kijani, yaani yanayookoa nishati na maji, na ni cha IFC, taasisi iliyo ndani ya Kundi la Benki ya Dunia. Jengo linatakiwa liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 ya nishati au kaboni ya kutengeneza vifaa vya ujenzi, likilinganishwa na jengo la kawaida la hapohapo. Ni kipimo cha kweli. Hosteli za wanafunzi za Qwetu kule Nairobi zinacho.

Tukaelekezwa kwa mtu anayejiita mshauri wa majengo ya kijani. Akasema yeye ndiye anayekagua, yeye ndiye anayetoa cheti, siku kumi kazi imekwisha. Hapo ndipo tulipotakiwa kunyanyuka kwenye viti. Kwa utaratibu wa EDGE, aliyekushauri hawezi kuwa mkaguzi wa jengo hilohilo, na mkaguzi naye hatoi cheti. Anapeleka ripoti yake kwenye taasisi iliyoidhinishwa kuthibitisha, na hiyo ndiyo inayotoa. Mtu mmoja akikwambia zote tatu anazifanya yeye, muage.

Jengo hakulikanyaga hata siku moja. Aliomba ramani na picha za simu tu. Kisha akatuuzia vifaa vya "kufikisha alama": taa, rangi, na vile vichujio vidogo vya mdomoni mwa bomba vinavyochanganya maji na hewa. Rangi alisema "ina cheti cha LEED". Ndugu zangu, LEED ni kipimo kingine cha majengo ya kijani, cha Marekani, na hutoa cheti kwa majengo na miradi, haitoi kwa kopo la rangi, tailizi wala bomba. Jengo linahesabiwa alama kati ya 110: ukifika 40 unapata cheti, 60 ni dhahabu, 80 ni platinamu. Rangi isiyo na kemikali kali inaweza kulisaidia jengo kupata alama, basi. Muuzaji akikuonyesha kopo "lenye cheti cha LEED", ama hajui anachouza, ama anakudanganya.

Vile vichujio alisema vinatoa lita tano kwa dakika. Baada ya kushtuka nilichukua ndoo ya lita kumi, nikaiweka chini ya bomba la jikoni, nikafungua hadi mwisho huku nimeshika simu. Ilijaa kwa sekunde 50. Hizo ni lita 12 kwa dakika! Nikavua kichujio kwa koleo, ndani hakuna kitu, ni pete tupu ya plastiki. Jipimieni na nyie, haichukui muda.

Cheti kilikuja kwenye fremu nzuri, kina muhuri na msimbo wa QR. Dada akakitundika mlangoni mwenyewe, akapiga picha na mama. Ofisa wa lile shirika alipokuja akaelekeza simu kwenye msimbo: ukafungua ukurasa wa yule yule mshauri. Akatafuta jengo letu kwenye orodha ya miradi ya EDGE, halimo. Akaondoka kwa adabu, na mkataba ukaondoka naye. Dada alilia siku ile, na mimi sijasahau.

Na kuna ujanja mwingine, huu unawapata hasa wanaonunua nyumba kabla haijakamilika: wanaonyeshwa cheti cha awali kana kwamba ni cha mwisho. Cheti cha awali cha EDGE kinatolewa kwa kuangalia michoro. Cha mwisho kinakuja jengo likishakamilika na mkaguzi kuthibitisha kilichojengwa. Vilevile mradi "uliosajiliwa" LEED umejiandikisha na kulipa ada tu, haujapata kitu. Ukiambiwa "jengo limesajiliwa", uliza: lina cheti cha mwisho? Cha tarehe gani? Halafu litafute mwenyewe kwenye orodha. Usifuate kiungo alichokutumia muuzaji.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, ingieni kwenye programu ya EDGE mtandaoni. Ni bure. Unajaza ukubwa wa jengo, madirisha, taa, mabomba, unaona jengo lako liko wapi. Sisi tulipojaza, maji yalikuwa asilimia 9 tu.

Yule mshauri hakutupa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, malipo yote yalipita kwenye namba ya simu. Tumeripoti polisi na RB, namba ya taarifa yetu, tunayo. Kama umepewa cheti cha namna hii usikitupe kwa hasira. Kitunze na fremu yake, pamoja na meseji za miamala, ukaripoti kituo cha karibu. Sisi chetu tumekishusha, kimo kabatini kwa dada kinasubiri mpelelezi.