TAHADHARI: huyu "mtaalamu wa romu" anayepita Mtwara na Lindi kuwawekea watu Android 13 kwenye simu za zamani

Wana Mtwara na wenzetu wa Lindi habari za muda huu, naandika bado nina hasira kidogo kwahiyo mnivumilie nikirukaruka. Kuna kijana anazunguka vijiwe vya hapa mjini, leo sokoni, kesho stendi ya Mkanaledi, keshokutwa feri, ana begi la mgongoni na laptop, anasema anakuwekea romu (yani mfumo mwingine wa kuendesha simu) na simu yako ya zamani inakuwa Android 13, RAM anaitoa 1GB anaipeleka 4GB, alafu juu yake anakuwekea na keneli ya gemu (keneli nitaieleza huko chini). Bei 35,000. Mimi hiyo 35,000 kanila, na akataka kunila nyingine, na hiyo ya pili ndo iliyonifanya nikae chini niandike maana ilikuwa inanipeleka pabaya mimi mwenyewe na siyo yeye.

Simu yangu ni Samsung Galaxy S3, ile GT-I9300 ya 2012. Chekeni tu. Kioo hakijawahi kupasuka, betri unachomoa mwenyewe kwa kucha, nimeizoea. Shida ni moja, Samsung waliiachia kwenye Android 4.3 na hawakuendelea, na WhatsApp toka Oktoba 2023 hawapokei simu iliyo chini ya Android 5. Nilikuwa najishikiza kwenye simu ya binti yangu mpaka alipoenda chuo Dodoma akaondoka nayo. Mimi nauza korosho za kubangua, wateja wangu wengi wa Dar wanaagiza kwa WhatsApp, wanataka picha kwanza, waone nzima ngapi na vipande ngapi, sasa bila WhatsApp ni sawa na kukaa sokoni bila mizani.

Basi akanikuta kwenye meza yangu. Na msikilize hapa, hawa watu kalenda yetu wanaijua, minada ikishaanza Oktoba na pesa za korosho zikianza kuingia benki ndo na wao wanashuka. Akaniambia "dada yangu hii simu ni mnyama, kampuni zinawafungia makusudi ili mnunue mpya". Akanionesha yake, kaingia kwenye kuhusu simu, imeandikwa 13. Nikamuuliza picha zangu je, akasema hazitaguswa. (Zilifutwa zote. Zilikuwemo za harusi ya mdogo wangu, sina pengine.) Akataka niache na laini ndani "ya kujaribia mtandao" na nimpe namba ya siri ya pesa eti ya kuhakiki, hapo walau akili ilinicheza, nikachomoa laini nikaiweka kwenye kitochi.

Jioni kaja nayo. Kweli imeandikwa Android 13, RAM 4GB, ikoni zimekuwa za duara nzuri kama za simu mpya. Mtandao hauoni laini, nikamuuliza, akasema "isubiri masaa 24 ijisajili, Android mpya ni nzito". Akaniwashia hotspoti yake, akaingiza WhatsApp, ile kodi ikaja kwenye kitochi nikamsomea mwenyewe kwa mdomo wangu, mtu mzima mimi, WhatsApp ikafunguka, meseji za wateja zikashuka mfululizo, furaha ikanipanda nikamtumia hela hapo hapo. Jina lililokuja kwenye meseji ya muamala siyo alilojitambulisha nalo. Nilimuuliza, akasema laini ya mke wake. Jina la kiume lile.

Asubuhi: "simu za dharura tu". Mchana: hivo hivo. Alafu ikawa inachemka, yani nimeiweka kwenye mfuko wa sketi ni kama nimebeba kitumbua kimetoka jikoni sasa hivi. Siku ya tatu WhatsApp nayo ikasema toleo limekwisha muda wake, kumbe aliniwekea ile ya kuungaunga ya mtaani isiyo ya wenyewe. Nikampigia. Sauti ya upole kabisa, "mama, hiyo ni IMEI imechoka, simu za zamani zina hiyo shida, nakuandikia mpya kwa 30,000, ninazo IMEI safi kabisa". (IMEI ni ile namba ya utambulisho ya simu yenyewe, kila simu na yake.) Dada imeshakuwa mama. Na mimi nilikuwa nishaanza kutafuta hiyo 30,000.

Aliyeniokoa ni mtoto wa dada yangu, anasoma umeme VETA, alikuja kula mchana nyumbani. Kaishika simu dakika mbili akaanza kucheka. "Mamdogo, hii siyo 13." Akaingia kwenye kuhusu simu, akaugonga ule mstari wa toleo la Android harakaharaka mara nyingi, likatokea haragwe kubwa jekundu lina macho na linatabasamu, nikajua kaharibu kabisa. Kumbe kila Android ina mchezo wake umefichwa pale, na haragwe ni la Jelly Bean, yani 4.1 mpaka 4.3. Alafu akanishusha chini kidogo kwenye toleo la keneli akasema soma mwenyewe, nikasoma: 3.0.31, na tarehe yake ni ya 2012. Android 13 yenyewe imetoka 2022! Sasa Android ya 2022 inakaaje juu ya keneli iliyotengenezwa miaka kumi kabla.

Alichofanya yule bwana, kwa maelezo ya mwanangu huyu, kuna faili moja ndani ya simu linaitwa build.prop, lina mistari mistari ya maandishi tu, jina la simu, namba ya toleo, ukishairuti simu (yani kuifungua mpaka ndani kabisa) unalifungua unafuta 4.1.2, ile ya zamani aliyonimwagia yeye, unaandika 13, unaizima unaiwasha, basi imekuwa 13. Ni kama kubandika namba ya gari mpya kwenye pikipiki. Ndiyo maana WhatsApp ya kweli haikudanganyika, yenyewe haisomi ule mstari, inauliza mfumo wenyewe. Na RAM ndo uongo wa mchana kweupe, RAM ni kipande cha chuma kimeunganishwa kwenye ubao, S3 hii ina 1GB na hakuna romu inayoiongeza duniani. Tulipoingia sehemu ya programu zinazotembea ukijumlisha iliyotumika na iliyobaki haifiki hata hiyo 1GB.

Keneli nayo nieleze kidogo maana ndo neno analotishia watu. Keneli ni ule moyo unaokaa kati ya programu na chuma chenyewe, ndo unaoamua prosesa ikimbie kiasi gani. S3 Samsung waliipanga 1.4GHz, yeye kaiweka 1.8 ili aseme ya gemu, ndo ule moto. Keneli za watu kwa simu hii zipo na ni nzuri tu, kina Siyah na Boeffla, watu wenye S3 enzi hizo walizipenda na zilitolewa bure. Ila ile aliyoniwekea ni ya zamani kiasi kwamba haina hata kinga ya ule ugonjwa wa S3, kama mnakumbuka kuna S3 za 16GB zilikuwa zinakufa ghafla tu usiku umeiacha nzima asubuhi haiwaki, ilikuwa ni kasoro ya chipu ya kumbukumbu, Samsung wakaja kuweka kinga ndani ya keneli za baadaye. Yani simu ilikuwa na kinga yake, fundi kaja kaitoa, na nimemlipa.

Sasa twende kwenye IMEI, hapa ndo msiruke. Mwanangu akabonyeza *#06#, ikaja 004999010640000. Akafungua mfuniko, akatoa betri, chini kuna stika nyeupe, IMEI inaanza na 35 na hazifanani hata kidogo. Ile ya sifuri sifuri mbele ni namba ya bandia ambayo Samsung za aina hii zinaonesha zikishindwa kusoma ya kwao. IMEI haichoki jamani, siyo kandambili. Inakaa kwenye sehemu inaitwa EFS, na S3 ikishapandishwa 4.3 ile EFS inaandikwa kwa mpangilio mpya ambao modemu ya zamani (ile programu ya simu inayoongea na mtandao) haiwezi kuusoma. Huyu bwana ana zipu moja (furushi la mafaili) anaimwagia kila simu bila kuangalia ilikuwa kwenye nini, na ndani ya hiyo zipu kuna modemu ya zamani. Kwahiyo IMEI yangu ilikuwepo muda wote imekaa kimya, kilichokosekana ni wa kuisoma, na yeye alitaka kuja kuandika nyingine juu yake ambayo ni ya simu ya mtu mwingine.

Na kubadilisha IMEI ni kosa la jinai, ipo kwenye sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010. Simu ikikamatwa iko mkononi mwako. Hiyo "IMEI safi" unajuaje haijatoka kwenye simu iliyoibiwa? Na mnakumbuka Juni 2016 TCRA walivyozima simu feki, watu kibao simu zilibaki tochi. Njia ya kuhakiki ipo, tuma IMEI yako kwenda 15090 na wanakujibu simu ni ya kampuni gani na modeli gani. Ukikuta wamekujibu simu tofauti na uliyoishika, kimbia.

Tuliirudishaje. Kijana alihangaika kweli, bando liliisha mara mbili maana ile firmwea (mfumo wa kiwandani) ya Samsung ya 4.3 yenyewe peke yake inakaribia 1GB, na alikagua mara mbili kwamba ni ya I9300 maana S3 zipo aina nyingi na ukimwagia ya nduguye unaiua. Akaishika kitufe cha kushusha sauti, cha nyumbani na cha kuwashia kwa pamoja, akaunga waya kwenye laptop, akatumia Odin, programu ya kumwagia firmwea kwenye Samsung. Mimi nimesimama pembeni nasoma dua. Ilipowaka nikabonyeza *#06# mwenyewe, ikaja ile ya 35, nikatoa betri nikalinganisha namba moja moja kwa kidole. Laini nikaweka, mtandao huo.

Baada ya hapo ndo akaniwekea romu ya kweli, LineageOS 14.1, hiyo ni Android 7.1, wale waliorithi CyanogenMod, romu ya bure ya enzi hizo, ilipofungwa Desemba 2016. Ni bure. Narudia kwa ambao mpo tayari kutoa 35,000: ni bure. Kabla ya chochote alitoa nakala ya EFS akaiweka kwenye memori kadi na nyingine kwenye laptop, na ile modemu ya 4.3 hakuigusa. WhatsApp ya kweli inaingia. Nisiwadanganye, ni nzito, ukifungua kamera unaweza kumenya ming'oko miwili ndo iko tayari, na Lineage wenyewe walishaiacha simu hii kitambo haipati viraka vya usalama, kwahiyo mambo ya benki siweki humo, nafanyia kwenye kitochi kwa menyu. Lakini picha za korosho zinaenda. Hela hakutaka, nikampa korosho kilo mbili na nauli.

Kwahiyo sisemi kuflashi (kuimwagia simu mfumo mwingine) ni utapeli, kuna mafundi wa ukweli hata hapa Mtwara. Ila mtu akija muulize EFS yangu utaitolea nakala na utanipa? Akianza kukohoa chukua simu yako. Muulize simu yangu ni modeli gani kamili, akikujibu "Samsung" tu bila namba ya nyuma ya betri basi. Andika IMEI yako kwenye karatasi kabla hujampa, laini na memori kadi toa, picha hamisha maana kuflashi kunafuta, asikuambie mtu hakufuti. Kodi ya WhatsApp usimsomee mtu kama nilivyofanya mimi (nilivyoingia upya niliweka ule ulinzi wa tarakimu sita, wekeni na nyie). Na akikuletea imeandikwa 13 gonga ule mstari mpaka kitokee kitu, alafu tazama tarehe ya keneli, hapo wengi wao wanasahau kufuta.

Namba yake nimeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli, na polisi nimeenda, RB ninayo. Hapa siiweki maana mwenye laini simjui, huenda na yeye kaibiwa kitambulisho akasajiliwa asichokijua, na nyie piga *106# mara moja moja muone laini zilizo kwenye majina yenu.

Watu wa Lindi ndo mkae macho zaidi sasa hivi. Juzi mama mmoja tunayechukuliana mzigo kaniambia kamuona Mnazi Mmoja pale njia panda ya Masasi, begi lile lile, anaelekea Lindi mjini. Bei imepanda, 40,000. Na siku hizi anaweka 14.